Daftari la Wageni

Kando ya mlango wa kanisa letu pale Lamu mjini palikuwa na meza ndogo, na juu ya meza daftari la wageni. Halikuwa kitu cha fahari. Lilikuwa daftari la shule, lile nene, na baba yangu alikuwa amelipiga mistari kwa rula: Tarehe. Jina. Unatoka wapi. Unakwenda wapi. Maoni. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili alikuwa katekista. Kazi zote mbili alizifanya kwa rula ileile.

Padri mmoja aliwahi kumwuliza ile safu ya "Unakwenda wapi" ni ya nini, mbona makanisa mengine hayana. Baba akamjibu, "Padri, watu hawaji Lamu. Watu wanapita Lamu."

Nimelikumbuka daftari lile kwa sababu juzijuzi nililetewa mimi nilijaze. Nitafika huko.

Kanisa dogo katika mji wenye misikiti zaidi ya ishirini halina msongamano. Sisi waumini tulikuwa walimu, polisi, wauguzi, makarani wa serikali na watoto wao, karibu wote tumeletwa kisiwani na barua ya uhamisho. Tulijuana hadi kikohozi. Kwa hivyo mgeni akiingia alionekana, na Lamu haijawahi kukosa wageni wa ajabu.

Wa kwanza katika hadithi za baba alikuja kabla sijazaliwa, miaka ya sabini, enzi za mahipi. Alikuwa Mzungu kijana wa nywele ndefu, amevaa kikoi, miguu mitupu, analala juu ya dari ya nyumba moja huko Langoni kwa shilingi chache. Jumapili alikuwa nasi kanisani, Ijumaa alikaa kwenye baraza ya msikiti akisikiliza hotuba ambayo hakuelewa hata neno moja. Kwenye safu ya "Unatoka wapi" aliandika: Jana. Kwenye "Unakwenda wapi" akaandika: Nepal, Mungu akipenda. Jumapili yake ya mwisho, kapu la sadaka lilipomfikia, alitia jozi ya viatu vya ngozi. Miezi miwili hakuna mtu aliyemwona amevaa viatu. Baba alivivaa miaka minne.

Halafu yule mzee wa Ulaya aliyekuja na kamba ya kupimia, akahesabu hatua kutoka altare hadi mlangoni, akaandika, akahesabu tena. Alisema chini ya sakafu yetu kuna dhahabu ya Wareno. Baba akamwambia kwa adabu, "Mzee, jengo hili halijafika hata umri wako." Kwenye safu ya "Maoni" mzee aliandika: Sijakata tamaa.

Kuna mama aliyekuja na mashua yake ya tanga, akamwomba padri akaibariki. Padri wetu wakati huo alikuwa mtu wa bara, na bahari aliiona kwa mara ya kwanza alipopelekwa Pwani. Akaibariki kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeng'ang'ania ukingo wa mashua, na maji ya baraka yakamalizikia kumwosha uso yeye mwenyewe. Mama yule akaandika: Padri mwema, baharia hafifu.

Na yule punda. Lamu mji mzima unabebwa na punda, basi si ajabu Jumapili ya Matawi mmoja aliingia kwa mlango mkuu katikati ya misa, akatembea taratibu hadi benchi la tatu, akala tawi la mnazi mkononi mwa dada yangu, akageuka, akatoka. Baada ya misa tulimkuta baba ameinama mezani. Jina: Punda. Unatoka wapi: Mkomani. Unakwenda wapi: Yerusalemu.

Lakini orodha ya baba ilianza nyuma sana ya daftari lile. Jumamosi alasiri alitukalisha kwenye ngazi za kanisa kwa mafundisho ya katekisimu, na tukishamaliza Amri Kumi alitusimulia wageni wengine, wale waliopita kabla hapajakuwa na kanisa, wala meza, wala rula.

Alianza na Fransisko Saveri. Mwaka 1542, akiwa njiani kwenda Goa, meli yake ilitia nanga Malindi, mji ambao leo ndio makao ya askofu wetu. Huko mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima, alimwuliza kama Wakristo bado wanaenda kusali, maana hapa kwao, alisema, ilikuwapo misikiti 17 na mitatu tu ndiyo yenye watu. Saveri aliyaandika hayo mwenyewe katika barua. Baba aliipenda sana habari hii. "Oneni," alisema, "mtakatifu mzima anakutana na Mwislamu, na wanachozungumza ni mahudhurio." Kisha aliongeza kitu ambacho sikukitia maanani siku zile: katika meli ile kulikuwa na mtu aliyefariki, wakamzika Malindi. Saveri akapanda meli, akaenda zake. Aliyezikwa akabaki.

Halafu ilikuja Faza. Nikiwa mdogo niliamini mji huo, ulioko kisiwa cha Pate, uliitwa Faza kwa sababu ya mapadri, maana watoto wenzangu wote walimwita padri "Fadha." Baba alicheka, halafu uso wake ukabadilika. Hakutuficha. Mwaka 1587 Wareno waliiteketeza Faza kwa sababu ilimuunga mkono Mturuki aitwaye Mir Ali Bey. Waliua watu, wakakata hata minazi. Miaka miwili baadaye wakamkata kichwa mfalme wa Lamu. Na walikuwa Wakatoliki, alisema baba, wa Ubatizo huuhuu, wa Baba Yetu hiihii. Baada ya damu hiyo ndipo mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino wakaja kukaa Faza. "Sasa nyinyi," baba akauliza, "mngekuwa watu wa Faza, mngemfungulia mlango?" Hakuna aliyejibu. Nadhani hakutaka tujibu. Alitaka tukitoka pale tuwe tunajua kwa nini mtu mwingine mjini anaweza kuliangalia kanisa letu kwa jicho la pembeni, na bado akatusalimia.

Mwaka 1606 alipita Mfransisko, Padri Gaspar de São Bernardino. Alikuwa amevunjikiwa na meli, akajikuta visiwani kwetu, na akaamua kurudi kwao Ureno. Jambo la kawaida, isipokuwa alikwenda kwa nchi kavu kupitia Uajemi. Alifika, akaandika kitabu. Katika daftari la baba angejaza: Unatoka wapi, baharini. Unakwenda wapi, nyumbani, kwa miguu.

Kipenzi cha baba, hata hivyo, alikuwa Jerónimo Lobo.

Lobo alikuwa Mjesuiti wa Ureno. Mfalme Susenyos wa Habeshi alikuwa amejiunga na Kanisa Katoliki, na Wajesuiti walitaka kumfikia. Tatizo lilikuwa njia. Bandari za Bahari ya Shamu zilikuwa mikononi mwa Waturuki. Basi mtu fulani huko India akatazama ramani, na kwenye ramani Habeshi na pwani yetu zilikuwa zimepakana kama nyumba mbili za Langoni. Wakamwambia Lobo: nenda Pate, ulizia njia.

Mwaka 1624 akafika Pate akiuliza njia ya Habeshi. Hebu fikiria. Leo hii simama gatini Lamu umwulize nahodha njia ya Addis Ababa uone atakavyokutazama. Lakini Lobo hakujali kutazamwa. Alikwenda kaskazini kufuata pwani hadi kwenye mto Juba, na huko akakutana na watu ambao vitabu vya kale vinawaita Wagalla, yaani Waoromo. Aliwaomba wampitishe. Wakaleta kondoo, wakampaka siagi, wakuu wa familia wakaweka mikono yao juu ya kichwa chake, wakaapa kwamba hawatamdhuru mgeni.

Hapo baba alikuwa anamsimamisha mvulana mmoja awe kondoo, na tunampaka Blue Band kichwani. Katekisimu gani nyingine ilikuwa na mambo hayo?

Kiapo kilishika. Njia ndiyo haikuwapo. Walimweleza kwamba mbele yake kuna makabila mengi, na yanapigana. Lobo akarudi. Mwaka uliofuata aliingia Habeshi kwa upande mwingine, kupitia jangwa la Wadanakili, akakaa miaka hadi mfalme mpya alipowafukuza Wajesuiti. Habari zake aliziandika, na mwaka 1735 kijana mmoja wa Kiingereza ambaye bado hakuwa na jina, Samuel Johnson, alizitafsiri kutoka Kifaransa. Kikawa kitabu chake cha kwanza.

"Mnaona," baba alisema, "huyu naye hakuja kwetu. Sisi tulikuwa mlango wa nyumba nyingine."

Na wa mwisho katika orodha hawakuwa watu wa dini hata kidogo. Mwaka 1890 mchumi wa Austria, Theodor Hertzka, alichapa riwaya kuhusu nchi isiyo na matajiri wala maskini, na nchi hiyo akaiweka chini ya Mlima Kenya, mahali ambapo hakuwahi kupaona. Watu waliosoma wakaamini. Mwaka 1894 kikundi chao kiliteremka Lamu, kikiwa na nia ya kupanda mto Tana kwa mashua hadi kwenye paradiso. Hawakufika popote. Walikaa kisiwani miezi michache, wakanywa, wakagombana wao kwa wao, Waingereza waliokuwa wakitawala wakachoshwa nao, kikundi kikavunjika. Walikuja kulima pepo na hawakushika jembe hata siku moja.

Baba, ambaye kwao ni Murang'a, mahali ambapo siku za anga safi Mlima Kenya huo unaonekana, aliisimulia hadithi hii kwa furaha ya pekee. "Wao walitoka Ulaya waende kwetu wakakwama Lamu," alisema. "Mimi nimetoka kwetu, na nimekwama hapahapa."

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilikuwa na miaka kumi hivi siku mwenzangu wa darasani alipoitumia methali hiyo dhidi yangu. Tuligombana juu ya kitu cha kipuuzi, kifutio nadhani, akaniambia, "Rudi kwenu bara, mgeni wee." Mimi niliyezaliwa hospitali ya Lamu! Nilikuwa nasema Kiamu kama yeye, nikisema ndia badala ya njia, mai badala ya maji. Likizo tukienda Murang'a, nyanya yangu alikuwa akinishika kidevu na kusema katoto haka kamekuwa ka Pwani, hata Kikuyu chake kina chumvi. Huku mgeni, na kule mgeni.

Nilirudi nyumbani nikilia, na aliyenikuta mlangoni hakuwa mama yangu, alikuwa jirani yetu, mama wa makamo aliyetupikia mahamri kila Krismasi na ambaye sisi tulimpelekea tende kila Ramadhani. Tulimwita Bibi. Akanikalisha barazani, akaniuliza, "Wamjua Habib Swaleh?" Nani asiyemjua? Kila mwaka mji unafurika watu wa Maulidi kwa ajili yake, wanakuja hata kutoka nchi za mbali, wanajaa pale Riyadha. "Basi alikuwa mgeni," Bibi akasema. "Alikuya kutoka Ngazija." Akanieleza kwamba katika karne ile ya 19 Sharifu huyu alipoanza kuwasomesha watumwa na watoto wa watumwa, watu wakubwa wa mji walimnunia. Hakuondoka. Akajenga, akasomesha, akafia hapa mwaka 1935, na leo mji unajulikana kwa jina lake. "Mgeni," alisema, "ni asoiyua ndia. Wewe ndia waiyua?"

Nikasema naijua.

"Basi enda kisimani ukaniletee mai."

Ningependa kuishia hapo, kwenye ndoo na kicheko. Lakini baba alipostaafu alihamia Mpeketoni, kwenye shamba alilolinunua kwa mafungu katika eneo ambalo serikali ilianza kuwapa watu makazi tangu miaka ya sabini. Lazima niseme ukweli wote: si kila mtu wa Lamu aliyafurahia makazi yale. Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba ardhi ya mababu yao iligawiwa watu wa mbali ilhali wao wenyewe hawana hati. Mtoto wa Bibi aliwahi kuniambia hivyo usoni, bila chuki, huku tukinywa kahawa. Sikuwa na jibu. Baba alipewa jembe, ni kweli, lakini aliyempa si mwenye nyumba, ni serikali.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 wauaji waliingia Mpeketoni. Katika usiku huo na uliofuata waliua watu zaidi ya 60, na walikuwa wakiwatenga wanaume kwa dini. Mimi nilikuwa Nairobi. Nilipiga simu ya baba haikushika. Ilipofika alfajiri simu iliita, na haikuwa ya baba, ilikuwa ya Bibi, mzee sana wakati huo, sauti imepungua. Alikuwa amepata habari kutoka kwa mtu aliyepata kutoka kwa mtu. "Mwalimu yu hai," alisema. "Walilala mwituni. Yu hai." Halafu akalia, nami nikalia, na hatukusema kitu kingine.

Ndugu zetu wa Murang'a walimtumia baba nauli siku ileile. Rudi nyumbani, walimwambia, umemaliza. Alikataa. Kwenye simu aliniambia, "Nimeweka watu katika daftari lile zaidi ya miaka thelathini. Sikuwahi kujiandika."

Alifariki mwaka 2017, kwa maradhi yake, kitandani mwake. Ukazuka mvutano ambao familia nyingi za Kenya zinaujua: azikwe wapi? Wazee wa ukoo walitaka mwili upande basi. Nilikuwa mtoto wa kike, na neno la mtoto wa kike katika kikao cha namna hiyo halina uzito sana, lakini baba alikuwa mtu wa rula. Alikuwa ameacha karatasi yenye mistari. Tarehe, nafasi tupu. Jina, lake. Unatoka wapi: Murang'a. Unakwenda wapi: chini ya mwembe wangu, Mpeketoni. Tukamzika hapo. Kutoka Lamu walivuka watu boti mbili hadi Mokowe, kisha wakapanda matatu. Wengi wao walikuwa Waislamu, walisimama pembeni wakati wa misa, na wakati wa kufukia walishika majembe kama sisi. Nilimkumbuka yule mtu wa meli ya Saveri. Katika orodha yote ya baba, watakatifu na mahipi na wapima sakafu, ni yule peke yake ambaye hakuhitaji kujaza safu ya nne.

Sasa kuhusu juzijuzi.

Nilikwenda Lamu kwa shughuli zangu, na Jumapili nikaenda misa ya kwanza. Mlangoni alisimama kijana nadhifu, hajafika miaka ishirini, akanikaribisha kwa tabasamu, akanisogezea daftari. Jipya, limechapishwa, lina nembo. "Karibu mgeni wetu. Tafadhali tuandikie." Sikumlaumu. Angenijulia wapi? Nilishika kalamu, nikajaza tarehe na jina. "Unatoka wapi" nikasimama kidogo, nikaandika: Langoni. Nikatafuta safu inayofuata, haikuwapo. Walikuwa wameiondoa. Baada ya unakotoka palikuwa na nambari ya simu tu.

Kijana akasoma, akainua macho. "Langoni hii yetu?"

"Hiihii."

"Kumbe." Akafikiri kidogo. "Basi si lazima ungeandika."

Baada ya misa nilipita Usita wa Mui nikielekea gatini, nikikwepa punda. Bibi hayupo tena, lakini binti yake alikuwa amekaa kwenye baraza ileile, akaniita kwa jina la utotoni. Tukaulizana habari za watoto, za magoti, za bei ya samaki. Boti yangu ilikuwa karibu kuondoka. Nilipokuwa nimeshageuka akanipigia kelele, "Ewe! Warudi lini?"

Kwa Kiswahili chetu swali hilo lina milango miwili. Unaweza kuwa unaulizwa utaondoka lini kwenda kwenu, au utakuja tena lini kwenu. Nilitaka kumwuliza ana maana ipi. Halafu nikaona nahodha ananipungia mkono.

"Disemba," nikamjibu, nikakimbia.